Ini la Mama Kwenye Kisahani

Nyumbani kwa Baba Dorika, pale Kitangari, siku ilianza kwa maji. Kabla ya chai, kabla ya kufagia uwanja, kabla hata ya kumfuta mdogo wake Joel makamasi, Dorika alijitwika ndoo, akashika dumu mkononi, akaenda kupanga foleni bombani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi hiyo aliijua kiasi cha kuifanya huku nusu amelala. Uwanda wa Makonde umejaliwa mikorosho na upepo, lakini maji ni ya kutafutwa. Mtu wa huku akikupa maji ya kunywa kabla hujaomba, ujue amekuheshimu.

Maji ya ndoo yalikuwa ya nyumba nzima. Maji ya dumu yalikuwa ya mama peke yake.

Mama yake, Isabela, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alianza dawa mwezi wa tano, na kila mtu alitegemea kwamba korosho zikianza kudondoka atakuwa shambani akiokota na wenzake. Muuguzi wa zahanati aliieleza familia vizuri kabisa: ugonjwa huu huenezwa kwa hewa, madirisha yawe wazi, mtoto mdogo asilale na mama yake mpaka dawa zishike. Kuhusu vyombo, alisema, msijisumbue. Wote waliitikia kwa vichwa. Walipofika nyumbani walifanya kinyume, kwa sababu ndivyo walivyowaona wazee wao wakifanya. Wakamtengea mama kikombe chake, sahani yake na dumu lake jeupe la lita tano, ambalo mwenyewe alilichora msalaba mwekundu kwa rangi ya kucha ili lisichanganywe na mengine. Joel, wa miaka mitatu, wakamwacha alale kifuani pake kama kawaida, maana akitengwa analia.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita Dorika alifika bombani akakuta foleni imezunguka mpaka nyuma ya ghala la korosho. Foleni ya huku ni ya vyombo, si ya watu. Unaweka ndoo yako, unaweka dumu lako nyuma yake, halafu unakwenda kufanya ya kwako, na hakuna atakayekuruka. Rafiki yake Queen alikuwa ameshachora mistari ya rede. Wakacheza. Dorika alikuwa hodari wa kukwepa mpira, na siku hiyo aliukwepa mpaka akasahau kilichomleta. Aliporudi kwenye foleni, ndoo ilikuwepo. Dumu lenye msalaba halikuwepo.

Alilitafuta foleni nzima, akauliza akina mama, akachungulia hata nyuma ya ghala. Kila mtu alikuwa na dumu lake na hakuna aliyeona la mwenzake. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena ukweli mdogo tu, wa mtoto aliyecheza akaibiwa. Lakini mama, ambaye alikuwa mpole kwa mengi, kwa chombo cha maji hakuwa na mzaha. Mwaka uliotangulia Dorika alipasua ndoo, na fimbo za siku ile alikuwa bado anazikumbuka kwa idadi. Basi akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia stoo.

Stoo ilikuwa na mifuko ya salfa, mashine ya kupulizia, na madumu matupu ya dawa ya maji, ile ambayo wakulima huipulizia mikorosho dhidi ya ukungu na wadudu. Bwana shamba alishasema mara nyingi, mpaka koo likamkauka, kwamba dumu la dawa likiisha litobolewe na lisitumike tena kwa lolote. Cuthbert, baba yake Dorika, aliona kutoboa dumu zima ni uharibifu. Aliyaweka kwa matumizi ya baadaye, kama walivyofanya majirani zake wengi.

Dorika alichagua moja jeupe la lita tano. Lilikuwa na karatasi yenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Alijua maana yake, walishafundishwa shuleni. Akaibandua karatasi. Akalisugua dumu kwa mchanga na sabuni ya unga, akalisuuza mara saba huku akihesabu, mpaka povu likaisha na harufu ikabaki kidogo sana. Kisha akachukua rangi ya kucha ya mama, akachora msalaba. Aliuchora vizuri kuliko ule wa kwanza, akalijaza maji ya ndoo.

Mama alipokunywa siku hiyo aliuliza mbona maji yana ladha kama ya sabuni.

"Ni kidonge cha kusafishia maji, mama," Dorika alijibu. "Wamegawa bombani."

"Haya mwanangu. Afadhali," mama akasema, akamaliza kikombe chote, kwa kuwa muuguzi alimwambia anywe maji mengi.

Wiki ya tatu ya kunywa maji ya dumu hilo, macho ya mama yalianza kuwa ya njano. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, kila alichokula kikarudi, na ubavu wa kulia ukamuuma hata kugeuka kitandani akawa hawezi. Walimpeleka hospitali, wakampima damu, wakaambiwa ini limeumia. Dawa za kifua kikuu zinajulikana kwa hilo. Wengi huzimeza wakapona bila shida, lakini wapo wachache ambao ini lao haliziwezi. Wakamlaza siku tisa, wakamsimamishia dawa, na macho yakaanza kutakata. Hapo kila mtu akawa amepata jibu: dawa ndizo zenye kosa. Dorika alilishika jibu hilo kwa mikono miwili, kwa sababu lilimwacha yeye nje.

Mama akarudi nyumbani kupumzika bila dawa kwa wiki tatu. Alikohoa mchana kutwa, Joel akiwa kifuani, na alikunywa maji ya dumu lake. Wiki ile ile alipoanzishiwa dawa tena, manjano yalirudi, safari hii mpaka viganjani. Sasa hata aliyekuwa na shaka hakuwa nayo tena.

Mmoja tu ndiye aliyeanza kuwa nayo. Dorika akiwa darasani, mwalimu akiandika ubaoni, wazo lilimjia bila kuitwa: mama anaumwa akiwa nyumbani, anapata nafuu akiwa hospitali. Alijiambia kwamba alisuuza mara saba, kwamba madaktari wamesoma kuliko yeye, kwamba daktari akishasema ni dawa basi ni dawa. Jioni hiyo alilichukua dumu akalificha chini ya makuti nyuma ya stoo. Hakuna aliyeliulizia, kwani mama alikuwa anaandaliwa kwenda hospitali ya rufaa.

Ilikuwa wiki ya likizo fupi, kwa hiyo Dorika alifuatana na baba yake kumsindikiza mgonjwa. Gari liliteremka kutoka uwandani, likapita Masasi chini ya milima yake ya mawe, likaendelea. Huko hospitali walipokelewa na daktari mwembamba mwenye hijabu ya bluu, Zena Mujibu, mzaliwa wa Masasi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi dawa zinavyoumiza maini ya watu. Alizungumza taratibu, kama mtu anayepima kila neno kwenye mizani. Alitaka ruhusa ya kumchoma mama sindano ubavuni na kutoa kipande cha ini, kidogo kuliko punje ya mchele.

Baba aliuliza kipande hicho ni cha nini.

"Kitapelekwa maabara Dar es Salaam, Baba Dorika," daktari alisema. "Watazitenganisha chembe zake hai, wataziweka kwenye kisahani ndani ya ute wenye chakula chake, kwenye joto kama la mwili. Zitakua. Zitajipanga zenyewe, zitakuwa maini madogo madogo, kila moja kama punje ya ulezi. Yote ni ya mama huyu, si ya mtu mwingine. Halafu zile dawa tunazoogopa kumpa yeye, tutayapa yale. Dawa ikiwa inaua, itaua yale kwanza."

Baba alitazama kitandani alikolala mkewe, akauliza kama haiwezekani wakaliacha ini hilo likue liwe kubwa, wakamwekea badala ya lile bovu.

"Hapana. Hapa sina uwezo huo, na sitaki kukudanganya. Hayana mishipa ya damu, hayana tumbo wala figo za kushirikiana nazo. Hayawezi kumfanyia mtu kazi. Ni ya kuulizwa maswali tu, tena hayajibu yote."

Baba hakuwa na kalamu. Dorika ndiye aliyekuwa nayo, akampa, akamtazama akitia sahihi. Alitaka kuuliza itakuwaje ikionekana si dawa. Badala yake akaomba arudishiwe kalamu yake.

Maini madogo yalihitaji wiki saba. Kwa wiki hizo zote mama alibaki wodini akipewa dawa nyingine, ambazo hazigusi ini lakini nguvu yake ni ndogo. Manjano yaliondoka. Kifua hakikungoja. Alianza kutema damu kwenye kopo, akapungua mpaka pete ya ndoa ikawa inavuka kifundo cha kidole yenyewe, na baba akaja nayo nyumbani mfukoni, akaiweka juu ya kabati. Nyumbani Bibi Priska, mama yake baba, alihamia kumlea Joel. Korosho zilianza kudondoka. Dorika na bibi yake waliokota wawili tu, na kila aliyepita njiani aliuliza hali ya mgonjwa kwa sauti ile watu wanayoitumia wakiwa wameshaanza kuzoea msiba.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi gari la hospitali lilisimama mbele ya nyumba. Dokta Zena alishuka akiwa na afisa afya. Mjomba Petro, kaka yake mama, alikuwa amefika kutoka Newala tangu jana yake, na mjomba akishaketi kwenye shauri la dada yake, wengine hupunguza maneno. Dorika aliwaamkia wote, shikamoo moja moja, akakaa chini kando ya bibi yake.

Daktari alitoa simu, akawaonyesha picha. Kulikuwa na vidude vya mviringo, vyeupe vinavyong'aa, vimetawanyika kama ulezi uliomwagika.

"Haya ni maini madogo ya Mama Dorika," alisema. "Hapa yamekaa na dawa za kifua kikuu siku kumi na nne, kiasi kile kile alichokuwa anameza. Yako hai. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea, nikaomba warudie. Yako hai."

Mjomba akauliza maana yake ni nini.

"Maana yake tulikuwa tunailaumu dawa bure. Kuna kitu kingine kilichomuumiza, na kitu hicho kiko hapa nyumbani, kwa sababu hospitalini hakimpati."

Daktari akauliza juu ya pombe, juu ya uyoga, juu ya karanga zilizoota ukungu, juu ya mizizi. Alipotaja mizizi, Mjomba Petro aligeuka polepole akamtazama Bibi Priska. Watu wote walijua kwamba bibi aliwahi kumchemshia mkwe wake mizizi ya kifua.

Bibi hakukataa. Alieleza kwamba alimpa mara mbili, mwezi wa tano, kabla ya dawa za zahanati, na alipokatazwa aliacha. Aliapa kwa jina la Mungu na kwa kanisa alilobatiziwa. Mjomba hakutaka kusikia. Alisema dada yake ameolewa akiwa mzima, sasa anarudishwa kwao akiwa mifupa, na kwamba mwanamke huyu aondoke katika nyumba hii leo hii, kabla hajamwua na mtoto. Baba aliinamisha kichwa. Alikuwa anasubiriwa amtetee mama yake mzazi, naye hakujua kama amwamini, na aibu hiyo ilionekana usoni pake waziwazi.

Dokta Zena akainua mkono.

"Sikuja kufukuza mtu. Nimekuja kwa sababu nimekwama. Maini yale yananiambia dawa peke yake hazikumuumiza. Hayaniambii ni nini kilichomuumiza. Nikimrudishia dawa zote bila kujua, na sumu hiyo ikamfika tena, ini lake halitastahimili mara ya tatu. Nisipomrudishia, mapafu yake hayafiki Krismasi. Nahitaji mtu aniambie ukweli. Maabara haiwezi."

Bibi Priska aliinuka kwa kushika goti, akaingia ndani, na kupitia mlangoni Dorika akamwona anakunja kanga zake anaziweka kwenye mfuko.

Dorika naye aliondoka. Hakuna aliyemwangalia. Alikwenda nyuma ya stoo, akafukua makuti, akalitoa dumu. Choo kilikuwa hatua ishirini mbele yake. Alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri katika mtihani wowote: akilitumbukiza shimoni, mama akirudi atakunywa maji ya ndoo, sumu haitakuwepo tena, na hakuna atakayejua milele. Mama atapona na yeye atasalimika. Aliufungua mlango wa choo. Hapo akakumbuka alichosema daktari, kwamba bila kujua hatarudisha dawa. Sumu ingekwenda shimoni, na mama angekufa vilevile wodini, kwa kukosa neno moja lililokuwa mdomoni mwa mwanawe. Kutoka ndani ya nyumba alimsikia Joel akimwuliza bibi anakwenda wapi na uji nani atampikia. Dorika aliona aibu kuliko alivyoona hofu, na hofu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa.

Alirudi uwanjani na dumu mikononi, akaliweka chini mbele ya daktari.

"Ni mimi," alisema. "Bibi hajafanya kitu. Dumu la mama liliibiwa mimi nikicheza rede. Nikachukua hili stoo. Lilikuwa la dawa ya mikorosho. Nililiosha, nikachora msalaba. Mama aliuliza mbona maji yana ladha ya sabuni, nikamwambia ni kidonge."

Alisema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Baba alisimama akavuta mkanda wake wa suruali. Dorika hakukimbia, na kwa kweli alitamani apigwe. Lakini daktari alikuwa ameshauliza swali jingine, kwa sauti ile ile ya taratibu: dawa gani, iitwayo nini. Baba akaenda stoo akiwa na mkanda mkononi, akarudi na dumu la namna ile ile lililokuwa bado na karatasi yake. Akaiangalia picha ya fuvu. Akaangalia madumu mengine matatu aliyoyapanga mwenyewe kule ndani, karibu na mlango ambao mtoto yeyote angeweza kuufungua. Mkanda ukamning'inia.

"Haya ni yangu," alisema. "Bwana shamba alinikataza kuyaweka. Mbele ya watu wote alinikataza."

Dokta Zena alivaa glavu, akalifunga dumu kwenye mfuko wa plastiki. Hakumbembeleza Dorika wala hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba amechelewa sana kusema, lakini hajachelewa kabisa, na kwamba dawa za mama zitarudishwa leo hii kwa simu, kabla gari halijafika Masasi. Mjomba Petro aliketi akitazama viatu vyake. Bibi alitoa kanga zake kwenye mfuko, akakoka moto, akampikia Joel uji.

Wiki mbili baadaye Dorika alikwenda na baba kumwona mama. Dokta Zena alimwita ofisini peke yake, akamwekea kiti, akamwambia kwamba hakuna anayemlazimisha kutazama. Dorika akasema atatazama.

Picha ya kwanza ilikuwa ile ile ya ulezi mweupe. Ya pili, daktari alieleza, ilipigwa baada ya kutia maji ndani ya dumu lile, kuyaacha siku moja kama alivyokuwa anafanya Dorika, kisha kuyadondoshea maini madogo kidogo kidogo. Siku ya kwanza hayakubadilika. Siku ya tatu yalikuwa yamegeuka kahawia, kingo zimemeguka. Siku ya tano yalikuwa vumbi jeusi chini ya kisahani.

"Haya yalikuwa ya mama yako," daktari alisema. "Plastiki hufyonza sumu, mwanangu. Huioni, huisikii mkononi. Halafu maji yakikaa humo inayarudishia polepole. Ungesuuza mara saba au mara sabini, ingekuwa ni yale yale."

Dorika aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hakulia pale. Alilia njiani, ndani ya gari, mpaka walipofika Newala, na baba yake hakumwambia anyamaze.

Mama alimeza dawa zote na manjano hayakurudi tena. Mwezi wa kumi na mbili, wiki moja kabla ya Krismasi, aliletwa nyumbani. Majirani walipiga vigelegele. Mjomba Petro alimletea Bibi Priska jogoo, akasimama naye mkononi akitafuta maneno ya kuomba radhi, yakakosekana, mpaka bibi akamhurumia akampokea jogoo tu. Baba na bwana shamba walitoboa madumu ya mtaa mzima, na baba ndiye aliyekuwa akieleza kwa nini, kila nyumba, bila kuficha kwamba dumu lililomdhuru mkewe lilikuwa la kwake.

Lakini mama aliyerudi hakuwa yule wa mwaka uliopita. Sehemu ya juu ya pafu la kulia ilikuwa imekufa, na iliyokufa haioti tena. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ilibidi apumzike. Ndoo hataibeba maisha yake yote. Na walipopimwa watu wa nyumba nzima, wote walikuwa salama isipokuwa Joel. Zile wiki tatu alizolala kwenye kifua kisicho na dawa ndizo zilizomwambukiza. Naye akaandikiwa vidonge, vya kila siku, kwa miezi.

Dorika alikuwa ameomba radhi hospitali, kwa kilio. Nyumbani aliomba tena, bila kilio, amepiga magoti kando ya mkeka ambao mama alikuwa amekalia. Mama alimwacha amalize. Kisha akavuta pumzi, maana siku hizi ilimlazimu kuikusanya kabla ya kusema.

"Siku ile ungeniambia dumu limepotea, ningekuchapa," alisema. "Sikudanganyi. Ningekuchapa, ungelia, na kufika chakula cha mchana tungekuwa tumesahau wote wawili. Ulitaka kukwepa kilio cha nusu siku. Hukunichukia, najua. Uliogopa. Lakini kosa likiwa dogo ndipo linapofaa kusemwa, mwanangu. Ulilificha likiwa dumu. Ulipolitoa lilikuwa pafu langu, na jina zuri la bibi yako, na mdogo wako. Mimi nami nina langu. Nilikupiga kwa ajili ya ndoo mpaka ukaona bora uongo kuliko mimi. Baba yako ana lake. Muuguzi alitwambia Joel asilale na mimi, tukaona tunajua zaidi. Kila mtu achukue lake, asimbebeshe mwenziwe. La kwako ni kusema ukweli."

Dorika akaitikia ndiyo mama.

Tangu hapo kumpa Joel dawa ikawa kazi yake. Kila asubuhi akirudi kutoka bombani aliyeyusha kidonge kwenye kijiko na kumwita. Siku za mwanzo mtoto alikuja mbio akidhani ni sukari. Siku ya sita alifumba mdomo akaweka mikono nyuma.

"Kwa nini mimi nanywa dawa?" aliuliza. "Mimi siumwi."

Dorika alimgeukia mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akiota jua. Mama aliona anavyotazamwa, na hakumsaidia.

"Mwambie," alisema.

Dorika akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Unaumwa, Joel. Mama alikaa muda mrefu bila dawa, kikohozi kikaingia kwako. Alikaa bila dawa kwa sababu yangu. Nilisema uongo."

Joel aliwaza kidogo, kwa namna ya watoto wa miaka mitatu, akiwa ametoa tumbo mbele. Hakuonekana kukasirika. Aliuliza tu kama dawa ya leo ni chungu.

"Mwanzo ni tamu," Dorika alisema. "Mwishoni ni chungu."

Joel akafumbua mdomo.